Kabla Hujaihamisha Storm Kwenda Rust

Barua yako nimeisoma yote, mpaka pale unaposema bosi amewapa miezi sita, wewe na wenzako wawili, muuchukue mfumo wa Apache Storm mnaochakatia miamala muuandike upya kwa Rust. Unaniuliza uanze na faili gani. Swali hilo nitalijibu, lakini naomba kwanza uniambie jambo ambalo kwenye barua hukuligusa: mkishamaliza, nani atakaa nao huo mfumo? Mmoja wenu akipata kazi kwingine mwezi wa saba, na hapo kazini wengine wote wanaandika Java, nani ataamka saa nane usiku klasta ikigoma?

Nakuuliza hivyo kwa sababu Storm yenyewe imeshapita njia hii. Nathan Marz aliianzisha akiwa BackType, kampuni changa ya Marekani. Twitter ikainunua BackType mwaka 2011, na mwaka huohuo Storm ikatolewa bure kwa kila mtu. Kiini chake kilikuwa Clojure, lugha ya ukoo wa Lisp inayokimbia juu ya mashine pepe ya Java. Waliokuwa wanaitumia, wengi wao, walijua Java na si Clojure. Wakikutana na hitilafu ndani kabisa ya mfumo, wanafungua faili, wanakuta mabano juu ya mabano, wanaifunga. Alibaba kule China wakaamua kukiandika upya kiini chote kwa Java, wakakiita JStorm, na mwaka 2015 wakakikabidhi Apache. Halafu? Storm 2.0.0, ya kwanza kuwa na kiini cha Java, ilitoka Mei 2019.

Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Na hawa wa Storm walikuwa na JStorm tayari mkononi. Tena walikuwa na kitu ambacho ninyi hamtakuwa nacho: Clojure na Java zinakaa kwenye mashine pepe moja, zinaitana bila taabu. Kwa hiyo waliweza kuhamisha faili moja moja, leo hii, kesho ile, na mfumo mzima ukaendelea kufanya kazi nusu Clojure nusu Java. Wakati huohuo matoleo ya zamani yaliendelea kutoka na kurekebishwa, 1.0 ikatoka 2016 na nyingine zikafuata. Hakuna mtumiaji aliyeambiwa asubiri. Kutoka Java kwenda Rust daraja jepesi la namna hiyo halipo. Ukiweka Rust, umeweka msimbo ulio nje ya mashine pepe, unaoitwa kupitia JNI, mlango wa Java wa kuita msimbo wa nje, au unaoongea na Java kupitia mtandao au faili, na kila kinachovuka hapo katikati lazima mkikubaliane baiti kwa baiti.

Na sababu yao ya kuhama? Walipotoa 2.0 walisifia kasi, ndiyo, lakini walieleza pia kwamba Clojure ilikuwa ikitajwa mara nyingi kuwa kizuizi kwa wachangiaji wapya. Walihama ili wapate watu. Mpango wenu, kama nimeuelewa, unakwenda upande wa pili, kutoka lugha ambayo ofisi nzima inaijua kwenda lugha mnayoijua watatu. Sikatai. Rust ni lugha nzuri mno kwa kazi za aina hii, haina ile tabia ya Java ya kusimama ghafla kusafisha kumbukumbu, na kwenye mashine zenye RAM ndogo utaiona tofauti. Ila hilo swali la nani atakaa nao lipeleke kwa bosi kwa maandishi, na mwombe ajibu kwa kutaja watu.

Kingine cha kumuuliza ni mahali panapouma. Mmepima? Kama kinachochelewa ni bolt moja tu, yaani hatua moja ya kuchakata ujumbe, yenye mahesabu mazito, Storm ina njia yake ya siku nyingi ya kuikabidhi kazi programu ya lugha nyingine. Inaiwasha programu hiyo pembeni na kuongea nayo kwa JSON kupitia mkondo wa kuingiza na wa kutoa, kila ujumbe ukifungwa kwa mstari wenye neno «end» peke yake. Unaiandika bolt hiyo moja kwa Rust, mnaiweka kazini, mnaona. JSON nayo ina gharama yake, kwa hiyo njia hii inalipa pale tu mahesabu yanapozidi uzito wa kupakia na kupakua ujumbe. Wale wa Spark, mfumo mwingine wa kuchakata data kwa mashine nyingi, wanaotumia Python wamezoea jambo kama hili. Kiini cha Spark ni Scala hadi leo, na Python inaongea nacho kutoka nje. Hawakulazimika kukiandika upya ili watu wa Python waingie.

Sasa tuseme mmepima, bosi amejibu, na mnahama kweli. Nianze na kinachohama.

Vijana wengi hufungua faili la Java upande wa kushoto, la Rust upande wa kulia, wakaanza kutafsiri mstari kwa mstari. Kwa programu ya mashine moja unaweza ukafika. Kwa mfumo unaogawa kazi kwa mashine nyingi, kinachoushikilia kimekaa kwenye makubaliano kati ya mashine na mashine, na makubaliano mengi hayajaandikwa popote. Yamo kwenye tabia za lugha ya kwanza.

Chukua ile sehemu ya Storm wanayoiita acker, inayofuatilia kama ujumbe umeshughulikiwa mpaka mwisho. Ujumbe mmoja ukiingia unaweza kuzaa mingine kumi, na hiyo ikazaa mia, kila mmoja kwenye mashine yake. Utajuaje yote imekwisha bila kuweka orodha ndefu? Marz alifanya jambo la akili sana. Kila ujumbe unapewa namba ya nasibu ya biti 64. Unapozaliwa, namba yake inaingizwa kwenye jumla kwa XOR. Kazi yake ikiisha, namba ileile inaingizwa tena kwa XOR. Namba ikikutana na nafsi yake kwa XOR inakuwa sifuri. Kwa hiyo jumla ikirudi sifuri, ukoo mzima wa ujumbe ule umemaliza kazi. Ujumbe uzae kumi au uzae laki, acker inashika baiti kama 20 tu kwa kila ujumbe wa kwanza. Binafsi naona hiki ni kati ya vitu vizuri kabisa vilivyowahi kuandikwa kwenye mifumo hii, na ningependa kila mwanafunzi wa kompyuta akifuatilie kwa kalamu na karatasi.

Lakini angalia kilichojificha humo. Biti zote 64 za kila namba lazima zifike na kurudi bila kupotea hata moja. Java inazo namba hizo, Rust pia. JavaScript namba yake ya kawaida inashika nambari nzima kwa uhakika hadi 9007199254740991 tu, yaani biti 53; ikizidi hapo, tarakimu za mwisho zinakadiriwa. Ndiyo maana kwenye ule mkondo wa JSON, Storm hutuma kitambulisho cha ujumbe kikiwa ndani ya alama za nukuu, kama maandishi, si kama namba. Mtu asiyejua sababu atasema huu ni uzembe, «asafishe», akigeuze namba. Siku mtu atakapounganisha kipande cha JavaScript, namba itakayorudi itakuwa imebadilika kidogo, XOR haitafika sifuri, na baada ya sekunde 30 ambazo Storm huweka kama muda wa kawaida, mfumo utaamua ujumbe umepotea, kisha utautuma tena. Kazi ilishafanyika, nayo inafanyika mara ya pili. Kwenu ninyi hiyo ni miamala ya watu, pesa za mtu zikikatwa mara mbili.

Kumbuka pia kwamba namba hizo kwenye Java zina alama, nyingi zitatoka hasi. Ukitangaza u64 kule Rust, alama ya kutoa itakugomea papo hapo na utarekebisha. Tofauti zinazoumiza ni zile zisizogoma.

Ya namna hiyo nakupa moja, na tafadhali isome polepole, maana imewasumbua watu wenye uzoefu mkubwa. Hii ni ya Cassandra, hifadhidata iliyotoka Facebook mwaka 2008, nayo ni ya Java. Cassandra huamua data iende mashine ipi kwa kupitisha ufunguo kwenye heshi inayoitwa Murmur3, ambayo ndiyo chaguo lake la kawaida tangu toleo 1.2. Murmur3 ya asili iliandikwa kwa C++, na humo baiti ni namba kutoka 0 hadi 255. Baiti ya Java ni kutoka -128 hadi 127. Heshi hiyo ilipoletwa Java, kwenye zile baiti za mwisho zisizofikia fungu kamili la 16, baiti iliyozidi 127 ikasomwa hasi, na ilipotanuliwa kuwa biti 64 nafasi za juu zikajazwa moja badala ya sifuri. Heshi ikatoka tofauti na ya asili.

Sasa jaribu funguo zako. Andika «mama», «shilingi», «Kariakoo». Herufi zote hizo ziko chini ya 128, heshi mbili zinalingana, unafurahi. Andika jina fupi la Kisukuma au la Kikurya linaloanza na Ng', na kile kikoma cha juu kiwe kile kilichopinda ambacho simu nyingi hukiweka zenyewe. Kikoma hicho kwenye UTF-8 ni baiti tatu: 226, 128 na 153. Zote zimezidi 127. Java itazisoma -30, -128 na -103. Heshi ya Cassandra na Murmur3 ya kitabuni zinaachana hapo. Programu yako ya Rust, iliyoandikwa kwa usahihi kabisa kufuata Murmur3 ya asili, itamtafuta mteja huyo kwenye mashine ambayo hayupo.

Unadhani suluhisho lilikuwa kuirekebisha Cassandra? Haiwezekani, data ya watu imeshapangwa hivyo kwenye diski. Kosa limeshakuwa kanuni. ScyllaDB, walioiandika Cassandra upya kwa C++ na kuitoa 2015, walilibeba kosa hilo makusudi, wakazisoma baiti zile kuwa hasi kwenye C++, lugha ambayo isingewalazimisha kufanya hivyo. Na ndivyo wanavyofanya wanaoandika viunganishi vya Go, vya Python, vya Rust. Mtu akikwambia kuhamisha mfumo ni nafasi ya kusafisha, mwonyeshe hii.

Kafka, mfumo wa foleni za ujumbe, nayo ina kisa kinachofanana na hicho. Kiunganishi chake cha Java hupanga ujumbe wenye ufunguo kwa Murmur2. Kile cha C, librdkafka, kikiachwa na mpangilio wake wa kawaida, hutumia CRC32. Ufunguo uleule, timu mbili, lugha mbili, foleni mbili tofauti, na mpangilio wa matukio ya mteja mmoja unavurugika. Dawa ni mstari mmoja wa mpangilio, kuchagua murmur2_random, lakini lazima kwanza mtu ajue. Python nayo, tangu 3.3, hubadilisha heshi ya maandishi kila programu inapowashwa, kwa sababu za usalama. PySpark ikabidi imlazimishe mtumiaji aifunge kwa PYTHONHASHSEED. Na -7 ukigawanya kwa 3, baki ni -1 kwenye Java na kwenye Rust kwa alama ya kawaida, ila ni 2 kwenye Python.

Kwa hiyo, faili la kwanza? La kwanza ni la majaribio. Chukueni mfumo wa Java unaofanya kazi leo, ulisheni funguo laki moja, zikiwemo za Kiarabu, za emoji, tupu, ndefu kupita kiasi na zenye Ng', mrekodi kila jibu: heshi, mashine iliyochaguliwa, baiti zilizopita kwenye waya. Hifadhini. Kila kipande cha Rust mtakachoandika kipambanishwe na rekodi hiyo. Kisipolingana, Java ndiyo iliyo sahihi, hata pale inapokosea.

Hapa nageukia barua nyingine. Ni ya binti ambaye yuko kwenye kazi kama hii, timu ya wavulana wanne na yeye. Anasema wenzake wamejigawia «kuandika mfumo» na yeye wamempa majaribio, na anajisikia ametupwa jikoni. Mdogo wangu, kinachokuuma nakijua na sikibezi. Waliokugawia hawakujua walichokugawia. Hao wanne kila mmoja atakijua kipande chake. Wewe peke yako utajua mfumo unafanya nini. Ubaki hapo, lakini kwa masharti yako: hakuna kipande kinachoingia bila kupita kwako, jina lako liandikwe kwenye ripoti kama mhusika wa ulinganifu wa mfumo, na kwenye mkutano wa kila wiki wewe ndiye unayesema nini kimepita na nini hakijapita. Wakikataa masharti hayo, hapo ndipo uanze kugomba. Na kila Ijumaa tenga muda uandike Rust yako, usije ukaachwa nyuma kwenye lugha.

Narudi kwenye majaribio, maana rekodi peke yake haitoshi. Mfumo wa mashine nyingi hujulikana tabia mashine moja inapopotea. Hamhitaji kukodi klasta ya kulipia kwa dola. Kompyuta tatu za mezani zilizotumika, swichi ya mtandao, nyaya. Wakati kazi inaendelea, chomoeni umeme wa moja. Tanesco wakikata umeme, msikimbilie jenereta kwanza, angalieni mfumo unarudije. Halafu fanyeni jaribio ambalo wengi hulisahau: mashine isife, inyamaze tu. Kwenye Linux amri ni kill -STOP kwa programu husika, subiri sekunde 40, kisha kill -CONT. Programu iliyokufa huacha dalili, mtandao unakatika, wenzake wanajua. Iliyonyamaza haikati kitu. Wenzake wanaanza kubishana kama ipo au haipo, kazi yake anapewa mwingine, halafu ghafla inaamka ikiwa haina habari na kuendelea pale ilipoachia. Java ikisimama kusafisha kumbukumbu kwa muda mrefu inakuwa hivyohivyo, kwa hiyo wale wa Storm walishapigana na hali hii miaka mingi na msimbo wao una kinga ndani yake, mara nyingi mistari miwili mitatu isiyo na maelezo. Ukiifuta kwa kudhani Rust haisimami, umesahau kwamba diski inasimama, mtandao unasimama, na mashine pepe ya kukodi inaweza kugandishwa na mwenye nayo.

Kuna jambo moja ambalo halitahama hata mkijitahidi. Kwenye Java unaweza kutuma kazi yenyewe kwenda mashine nyingine, msimbo wake ukisafiri kama data, na mashine ya pili ikaupakia na kuuendesha. Spark, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, imejengwa juu ya uwezo huo. Rust ikishakusanywa kuwa programu ya mashine, kazi haifungashiki hivyo. Mtalazimika kuamua mapema: programu ileile iwekwe kwenye kila mashine na ninyi mtume jina la kazi tu, au mtume mpango wa hatua ambao kila mashine inaujua. Andy Grove alipoanzisha Ballista, mfumo wa kuchakata data kwa mashine nyingi, kwa Rust mwaka 2019 alichukua njia hii ya pili. Mashine zinapelekewa mpango wa ulizo uliofungashwa kwa Protocol Buffers, na mradi huo ukaingia Apache Arrow 2021. Msiache uamuzi huu mpaka mwezi wa nne, maana ukibadilika unabadilisha kila kitu.

Na toleo. Chagueni toleo moja la Storm, mliandike ukutani, msilikimbize jipya likitoka katikati ya kazi. Waliohamisha Lucene, maktaba ya Java ya utafutaji, kwenda .NET walilenga 4.8, ambayo kwa Java ilitoka 2014, na miaka mingi baadaye bado walikuwa kwenye matoleo ya majaribio ya hiyohiyo 4.8 huku Java ikiwa mbali mbele. Ni kazi ya kujitolea na ya heshima, watu wanaitumia kila siku. Walichagua namba moja wakakaa nayo, na mimi nawaunga mkono.

Kwa miezi sita na watu watatu, basi, mwambie bosi hivi: mwezi wa kwanza ni kupima na kurekodi, miwili inayofuata ni bolt moja nzito kwa Rust, ikikimbia sambamba na ya Java kwenye miamala ileile, majibu ya Java ndiyo yanayotumika, ya Rust yanalinganishwa tu, mitatu iliyobaki iamuliwe kwa kilichoonekana. Akisema anataka vyote au asipate kitu, mpe ile miaka ya Storm, 2015 hadi 2019, na umwombe watu wa kutosha.

Uliuliza mwishoni kama ni halali. Ni halali. Leseni ya Apache 2.0 inawaruhusu kuhamisha, kubadilisha, hata kuuza. Mtakachotoa nje kiende na nakala ya leseni, yaliyomo kwenye faili la NOTICE msiyaache, na mseme wazi mlichobadilisha. Jina la Apache Storm msilivishe mfumo wenu, hilo ni alama yao. Tafuteni lenu.